Je, Wajua? Mikumi ya Barabara, Ruaha ya Mto

Kila ifikapo Juni, shule zikikaribia kufungwa na maofisini watu wakianza kuomba likizo, wakazi wa Dar es Salaam hurudia ubishi ule ule: twende Mikumi au twende Ruaha? Mtetezi wa Mikumi atasema ni karibu. Mtetezi wa Ruaha atajibu kwamba Mikumi ni ya ziara za wanafunzi. Wote wawili wana hoja, lakini wote wamelikwepa jambo lenyewe. Mikumi imefanywa na barabara, Ruaha inaishi kwa mto. Ukiijua barabara ile na tabia ya mto ule, ubishi unaisha kabla chai haijapoa.

Je, wajua kwamba hifadhi hizi mbili zilitangazwa mwaka mmoja, 1964, mwaka ule ule wa Muungano? Umri ni mmoja, lakini zilikotoka ni kuwili. Ruaha ilikuwa na ulinzi tangu enzi za Wajerumani, waliotenga Pori la Akiba la Saba mwaka 1910. Waingereza wakalirithi, likaja kuitwa Rungwa mwaka 1946, na baadaye sehemu ya kusini ndiyo ikamegwa kuwa hifadhi ya taifa. Mikumi haikuwa na nasaba hiyo. Ni barabara ya Morogoro–Iringa, iliyopitishwa katika miaka ya 1950, iliyolifungua pori lile. Barabara ikaleta wawindaji, wawindaji wakaleta hofu kwamba wanyama watakwisha, na hofu ikaleta hifadhi.

Je, wajua kwamba Mikumi ina kilomita za mraba 3,230 tu, na Ruaha inakaribia 20,000? Unaweza kuziweka Mikumi sita ndani ya Ruaha moja. Ila usiuchukulie ukubwa kama ahadi ya wanyama. Mgeni wa Ruaha huzunguka sehemu ndogo sana ya eneo hilo: upande wa Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi, kandokando ya mto Ruaha Mkuu na mito ya mchanga ya Mwagusi na Mdonya. Magharibi ni miombo isiyo na mwisho, barabara chache, na siku nzima unaweza usipishane na gari. Mikumi nayo ina siri kama hiyo. Karibu kila mtu huingia upande wa kaskazini wa lami, kwenye tambarare ya Mkata. Upande wa kusini, wenye vilima na miombo, wengi hawaujui hata kwa sura.

Mkata ndiyo sababu Mikumi haimwangushi mgeni wa mara ya kwanza. Ni nyasi fupi na miti michache, jicho linakwenda mbali, na asubuhi moja inaweza kukupa twiga, pundamilia, nyumbu, nyati, ngiri na tembo kabla ya saa nne. Hapo pia ndipo pa kumtafuta pofu, swala mkubwa kuliko wote nchini, ambaye kwingine huonekana kwa taabu kwa sababu ni mwoga na huanza kuondoka akisikia gari lingali mbali.

Je, wajua kwamba barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inaikata Mikumi kwa takriban kilomita 50? Mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea yanapita humo, na malori ya Tunduma, Lusaka na Lubumbashi pia, mchana na usiku. Abiria halipi kiingilio, kwa kuwa hiyo ni barabara ya umma. Maelfu ya Watanzania ambao hawajawahi kukanyaga geti la hifadhi yoyote wamemwona tembo wao wa kwanza hapo, kupitia dirisha la basi, huku kondakta akiwaambia wasitupe chupa nje.

Kuna ushauri wa bure kwa msafiri wa basi. Panda basi la alfajiri kutoka Dar, ukae dirishani upande wowote, maana wanyama hawachagui, na ukishapita kijiji cha Doma uache kusinzia. Swala pala utawaona hata ukiwa mvivu wa kutazama. Tembo humhitaji mtu anayetazama mbali, chini ya miti, panapofanana na jiwe kubwa la kijivu.

Je, wajua kwamba kumgonga mnyama kwenye kipande hicho kuna bei? Mabango ya kando ya lami yameorodhesha faini kwa kila mnyama, kwa dola. Twiga peke yake, kwa viwango vya serikali vya thamani ya nyara, ni dola 15,000. Pundamilia ni dola 1,200, nyati 1,900, swala pala 390. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na matuta yamewekwa kuwasaidia wasiosoma mabango. Hata hivyo wanyama wanaendelea kufa, hasa usiku, na watafiti waliochunguza athari za barabara hii walikuta swala pala na nyani miongoni mwa wanaogongwa zaidi, huku tembo wakijifunza kujiweka mbali na lami. Kwa maneno mengine, barabara iliyosababisha hifadhi kuwapo ndiyo inayoendelea kuila. Atakayekuambia kwamba Mikumi haina msisimko kwa sababu iko kando ya lami hajawahi kuendesha gari hapo saa mbili usiku.

Je, wajua umbali wenyewe? Kutoka Dar hadi geti la Mikumi ni kilomita 283. Hadi Iringa mjini ni karibu 500, na kutoka Iringa hadi Ruaha bado unadaiwa 130 nyingine. Mikumi ukiondoka nyumbani saa kumi alfajiri unaweza kuwa getini saa tatu asubuhi. Ruaha ni safari ya kulala njiani, na mwenye busara hulala Iringa. Atakayekuambia kwamba alitoka Kimara asubuhi akatazama simba Ruaha jioni, mpongeze, kisha umkumbushe kwamba magari hayaruhusiwi kuzurura hifadhini baada ya giza.

Hesabu hiyo imepunguzwa kidogo na reli. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inachukua abiria Dar hadi Morogoro kwa kama saa mbili, na Morogoro unaweza kukodi gari la kukufikisha Mikumi bila kuonja foleni ya Kibaha wala ya Chalinze. Kwa familia yenye watoto wadogo hiyo ni tofauti kubwa. Kwa Ruaha, reli haisaidii sana.

Sasa mto.

Je, wajua kwamba Ruaha Mkuu, mto ulioipa hifadhi jina lake, hukauka? Wazee wa Idodi na Pawaga, jirani na hifadhi, waliujua ukitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulisimama kiangazi, na tangu hapo kukauka kumekuwa jambo la kila mwaka, wiki kadhaa au miezi kadhaa kutegemea mvua ilivyokuwa. Kinachobaki ni mabwawa machache ya maji yaliyotuama katikati ya mchanga mpana.

Sababu iko juu ya mto, nje ya macho ya mtalii. Maji ya Ruaha hutoka kwenye milima ya Mbeya na Njombe, yanashuka kwenye bonde la Usangu, yanajikusanya katika ardhioevu ya Ihefu, kisha hutokea Ng'iriama, mahali ambapo mwamba umeziba njia chini. Ihefu ni bakuli, na Ng'iriama ndio ukingo wake: maji yakiwa juu ya ukingo mto unakwenda, yakishuka chini ya ukingo mto umekufa, hata kama huko nyuma bado kuna ziwa zima la matope na matete. Miaka mingi ya mashamba ya mpunga ya Mbarali yanayovuta maji mpaka kiangazi, na makundi makubwa ya ng'ombe yaliyohamia bondeni, iliyashusha maji yale. Mchele mweupe wa Mbeya, unaonunuliwa sokoni Kariakoo na mtu anayelalamika kwamba viboko wa Ruaha wanateseka, umetoka huko huko.

Na suala hilo halikuwa la viboko tu. Baada ya hifadhi, maji hayo hayo huingia bwawa la Mtera, lililokamilika 1980 na lenye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 na yenye megawati 204. Mgao wa umeme wa miaka ya 1990 ulipowaweka watu gizani, vidole vilinyooshwa kwa wakulima wa Usangu. Baadhi ya watafiti walipinga, wakasema namna bwawa la Mtera lilivyoendeshwa nayo ilichangia. Ubishi huo haukuwahi kumalizika kwa kuridhisha kila upande, lakini kwa mara ya kwanza watu wa mjini walilazimika kulijua jina la Ihefu.

Mwaka 2008 serikali iliingiza Pori la Akiba la Usangu ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ili chanzo na mto viwe chini ya mlinzi mmoja. Wafugaji walikuwa wameshaondolewa bondeni kabla ya hapo, na kwa vijiji vya Mbarali mipaka ile imebaki kuwa jeraha la muda mrefu. Kwa ongezeko hilo Ruaha ikawa hifadhi kubwa kuliko zote Tanzania. Cheo hicho ilikivua mwaka 2019, ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokatwa kutoka Pori la Akiba la Selous ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 30,000.

Mtalii afanye nini na habari hizi? Aziweke kwenye kalenda. Mto unapokauka, kati ya Agosti na Oktoba, wanyama wa eneo lote lile hawana pa kwenda isipokuwa kwenye madimbwi yaliyobaki. Viboko hujazana mamia katika maji ya kimo cha goti, wakigombana na kukwaruzana. Mamba hulala mchangani wakisubiri. Tembo huchimba visima kwenye mchanga wa Mwagusi kwa mguu na mkonga mpaka maji safi yachujike, na akiondoka, nyani, pundamilia na ndege hupanga foleni kwenye shimo lake. Simba hawahangaiki sana: hukaa kivulini karibu na kisima na kungoja chakula kije chenyewe. Ni wakati mbaya kwa wanyama na wakati bora kwa kamera. Huo ndio ukweli wa Ruaha, na sidhani kama kuna haja ya kuupamba.

Je, wajua kwamba Ruaha hakuna nyumbu? Watu hushangaa. Hifadhi kubwa namna ile, yenye nyati kwa mamia, na mnyama aliyeipa Serengeti sifa duniani hayupo. Mikumi wapo. Mtoto aliyeahidiwa nyumbu mpeleke Mikumi.

Ruaha inalipa deni hilo kwa njia nyingine. Hapo miombo ya kusini mwa Afrika inakutana na vichaka vya migunga vya Afrika Mashariki, na wanyama wa pande zote mbili wanapakana. Tandala mkubwa na tandala mdogo, ambao kwingi huishi mbalimbali, hapa wako ndani ya hifadhi moja. Korongo na palahala, swala wenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, wako kwenye miombo kwa mwenye subira ya kuwatafuta. Swala granti nao hufika karibu na mwisho wao wa kusini hapa. Mbwa mwitu, ambao wamebaki wachache katika bara zima, wana hapa moja ya ngome zao kubwa, na duma wapo.

Kuhusu simba: inakadiriwa kwamba eneo la Ruaha na mapori yanayoizunguka lina karibu sehemu moja ya kumi ya simba wote waliobaki Afrika. Wamezoea kuwinda nyati, kazi ambayo simba mmoja haiwezi, hivyo huonekana kwa makundi. Mikumi ina simba pia, na kwa sababu Mkata ni wazi, siku wakiwa karibu na barabara utawaona vizuri. Lakini kama simba ndiye sababu ya safari yako, Iringa ndiko njia iliko.

Na kama sababu ni kuwaona Watano Wakubwa wote, mwambie mpangaji wa safari asikudanganye. Faru hayupo Mikumi wala Ruaha. Majangili walimaliza kazi hiyo miongo kadhaa iliyopita. Anayetaka faru aende Ngorongoro, Serengeti au Mkomazi.

Je, wajua kwamba tembo wa Mikumi hawahesabiwi peke yao? Mipaka ya hifadhi ilipanuliwa mwaka 1975 mpaka ikagusana na Selous, na tembo hawana habari na mawe ya mipaka, kwa hiyo sensa ya angani huwahesabu pamoja. Mwaka 1976 mfumo huo wa Selous–Mikumi ulikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya 2013 ilikuta 13,084. Nchi nzima ilikuwa na tembo 109,051 mwaka 2009, ikabaki na 43,330 mwaka 2014, na Ruaha–Rungwa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopoteza sana. Tembo jike hubeba mimba miezi 22 na huzaa mtoto mmoja, mara chache mapacha, kwa hiyo pengo kama hilo halizibwi kwa muongo mmoja. Ukiona kundi lenye ndama wengi, Mikumi au Ruaha, unatazama uzazi wa baada ya msiba wa ujangili. Ukiona tembo wakali wanaolitikisia gari masikio, kumbuka kwamba wale wazee wa kundi walikuwepo. Rudi nyuma polepole.

Je, wajua kwamba nyani wa Mikumi ni miongoni mwa wanyama waliochunguzwa kwa muda mrefu nchini? Watafiti wamekuwa wakifuatilia makundi yao tangu miaka ya 1970, nani kamzaa nani, nani anamtawala nani. Nyani hao nao wamekuwa wakiwachunguza watalii kwa muda huo huo, na matokeo yao ni kwamba dirisha lililoachwa wazi lina ndizi ndani.

Ndege: Mikumi zaidi ya aina 400, Ruaha zaidi ya 570. Miongoni mwa hao wa Ruaha yumo hondohondo mwenye mdomo mwekundu ambaye jina lake la kisayansi limetokana na mahali hapo, Tockus ruahae. Wapenzi wa ndege ndio watu pekee ninaowashauri waende Ruaha wakati wa mvua, Januari hadi Machi, ambapo wageni kutoka Ulaya na Asia wako nchini na mto una maji. Wengine wote watakutana na nyasi za kimo cha mtu, matope, na kambi kadhaa zilizofungwa.

Mikumi hufunguka mwaka mzima, kwa sababu ya lami hiyo hiyo. Mvua ikinyesha, njia za ndani kwenye udongo mweusi hunasa magari, lakini zile kuu karibu na geti la Kikoboga huendelea kupitika mara nyingi, na nyasi changa za Mkata huvuta makundi. Kwa hiyo mwenye likizo ya Pasaka asijitese: aende Mikumi. Mwenye likizo ya Septemba na uwezo wa siku nne aende Ruaha. Mwenye siku mbili, mwezi wowote, asifikirie mara mbili.

Je, wajua kwamba rangi ya shati inaweza kuharibu safari? Mbung'o hupenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ruaha kwenye miombo wapo wa kutosha, na wanauma kupitia jinzi. Vaa khaki, kijivu au kahawia iliyopauka, na jezi yako ya timu iache hotelini. Mashabiki wa klabu yenye rangi nyekundu wasifurahi mapema, maana nguo zao ziko salama kwa mbung'o lakini si kwa vumbi la Msembe.

Malipo: getini fedha taslimu hazipokelewi. Unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola anazolipa mgeni, mradi awe na kitambulisho. Kila msimu wapo watu wanaofika na mabunda ya noti na vitambulisho vimebaki kwenye droo nyumbani. Gari ndilo linalokula bajeti, si kiingilio. Mikumi kiangazi watu huingia hata na magari madogo na kuzunguka njia kuu za Mkata. Ruaha usijaribu: tafuta gari la juu linalovuta magurudumu yote manne, tairi la akiba lililo zima, na ujaze mafuta Iringa. Mbele ya safari barabara hugawanyika, na njia zote mbili hufika hifadhini. Ile inayopita Tungamalenga ndiyo yenye vijiji, maduka na malazi ya bei nafuu nje ya geti.

Na malazi hayo ya nje ni habari njema kwa mfuko wa Mtanzania. Mikumi mjini, mwisho wa hifadhi upande wa magharibi, kuna nyumba za wageni za kila bei, chipsi mayai mpaka usiku, na njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara.

Je, wajua kwamba njia panda hiyo inaweza kukupa hifadhi ya pili? Fuata njia ya Kidatu mpaka Mang'ula, upo Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992. Hakuna gari la kutalii humo; ni miguu yako na muongozaji. Maporomoko ya Sanje huanguka zaidi ya mita 170, na msitu una kima aina ya mangabey wa Sanje, ambaye wanasayansi walikuja kumtambua mwaka 1979 wakati wenyeji walikuwa wakimsikia kila asubuhi. Mikumi siku moja, Sanje siku ya pili: hiyo ni wikiendi ambayo Ruaha haiwezi kuishinda kwa urahisi.

Lakini Ruaha ina historia njiani. Kabla hujafika Iringa unapita Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa, chifu wa Wahehe, waliangamiza kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake likachukuliwa. Je, wajua kwamba fuvu hilo limetajwa katika Mkataba wa Versailles? Ibara ya 246 ya mkataba uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza iliitaka Ujerumani ilikabidhi. Ilichukua mpaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining, aliyekwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, akalirudisha kwa Wahehe. Liko Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, kwenye barabara hiyo hiyo ya kwenda hifadhini. Watalii wengi hupita hapo kwa kasi wakiwahi geti. Simamisha gari, simba hawatahama kwa nusu saa. Siku ya kurudi, ukiwa na muda, Isimila iko kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya, na zana zake za mawe ni za watu walioishi hapo zaidi ya miaka laki mbili iliyopita.

Je, wajua kwamba maji ya Mkata na ya Ruaha hayaingii baharini mahali pamoja? Mvua ya Mkata huingia mto Wami na kumalizikia Saadani, hifadhi nyingine, yenye ufukwe. Maji ya Ruaha, yakishapita Mtera na Kidatu, huingia Rufiji, hupita bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, na kutokea kwenye delta inayotazamana na Mafia.

La mwisho ni la wanaosafiri kwa gari. Anayechagua Ruaha huipita Mikumi mara mbili, kwenda na kurudi, kilomita 50 kila safari na bila kiingilio. Anayechagua Mikumi haioni Ruaha hata kidogo. Wengi huipoteza zawadi hiyo kwa kuondoka Iringa wamechelewa na kupita hifadhini gizani, wakati mbaya kuliko wote. Ondoka Iringa saa sita mchana, ushuke mlima Kitonga taratibu nyuma ya malori, ununue vitunguu Ruaha Mbuyuni, na saa kumi jioni utakuwa unaingia Mikumi jua likiwa nyuma yako, wakati ambao tembo na twiga huanza kutoka kivulini. Mwendo 70.